Kamyo Iliyozimika Kabla ya Saa Tisa

Shofere wa Masisi ni mtu wa baridi, na mtu wa baridi ukimshusha Walikale mchana wa jua kali, hata akili yake inatoka jasho. Sebarenzi alikuwa shofere wa namna hiyo. Mwaka ule wa 1953 aliendesha kamyo ndogo ya hospitali ya misioni, na huko kwao milimani watu walimheshimu kuliko katekista. Yeye mwenyewe alijiheshimu kuwashinda wote.

Siku hiyo alikuwa ametumwa chini msituni, upande wa Mubi, kumchukua mwanamke mmoja jina lake Hélène. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake asubuhi na mtoto hakutaka kutoka. Mkunga wa kijiji alimpapasa, akatikisa kichwa, akasema mtoto amelala vibaya, huyu ni wa kupelekwa kwa daktari wa kisu, na apelekwe leo. Basi wakamlaza nyuma ya kamyo juu ya majani ya migomba. Mume wake Floribert, mwindaji, akakaa upande wa miguu. Upande wa kichwa akakaa mama mkwe wa Hélène, Mama Elisabeth, shemasi wa kanisa, mwanamke wa neno moja. Akisema ndiyo ni ndiyo, akinyamaza hata mvua inanyamaza.

Njia ya kupanda kutoka Walikale ilikuwa na kilima kimoja ambacho mashofere wote walikiogopa. Gari moja tu ndiyo ilienea pale, ukuta wa udongo mkono huu, korongo mkono ule. Kwa hiyo serikali iliweka kizuizi chini na kizuizi juu, usiku tu ndiyo viliachwa wazi. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana, magari ya kupanda. Saa tisa kamili mlinzi wa juu anapiga ngoma, na kamyo za mgodi zilizobeba simenti zinaanza kuteremka. Zikianza kuteremka, usitegemee breki zao, tegemea Mungu tu.

Sebarenzi alifika katikati ya kilima saa saba na nusu. Jua lilikuwa utosini, chuma cha mlango hakishikiki. Kamyo ikakohoa mara mbili, ikavuta kidogo, ikakohoa tena, ikazimika.

Aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Kuirudisha nyuma bila motere, na kona ile, na mgonjwa ndani, hakuna mwenye akili angejaribu. Floribert akaruka chini.

"Kaka, inakuwa nini?"

"Kitu kidogo. Dakika tano."

Mashofere na dakika tano zao, tunawajua. Sebarenzi akafanya alivyofanya kila asubuhi huko Masisi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya malisho na motere ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Alivuta waya ya kuongeza esansi, ile petroli, akaivuta mpaka mwisho, akachukua chuma cha kuzungushia motere akaanza kuzungusha. Alizungusha mpaka shati likamgandia mgongoni. Motere haikusema kitu. Akavuta tena waya, akazungusha tena. Harufu ya esansi ikajaa njiani.

Nyuma, Hélène akapiga ukelele mfupi, kisha akauma kitambaa.

Floribert akatazama jua. "Saa tisa haiko mbali. Mi naenda juu. Nitamwambia mulinzi asifungue."

"Ni mbali sana," Sebarenzi akasema.

"Mi ni muntu wa kufuata nyama," Floribert akamjibu, akaanza kukimbia kilima kile bila viatu. Hakugeuka hata mara moja kumtazama mkewe. Sebarenzi alielewa kwamba angegeuka asingeondoka.

Mama Elisabeth akashuka kumtafutia Hélène maji kwenye kijito kidogo kilichotoka ukutani. Aliporudi akasimama mbele ya kamyo. Mbele ya radiateri, pale upepo unapoingia kupoza motere, palikuwa na gunia, limefungwa kwa kamba vizuri sana.

"Papa shofere, hii gunia iko ya nini?"

"Ya kuzuia baridi."

"Baridi ya wapi?"

Swali lilikuwa halali kabisa. Mashofere wote wa Masisi walifunga gunia mbele ya radiateri, maana alfajiri ya kule motere haipati joto bila kufunikwa. Sebarenzi alilifunga saa kumi usiku, na tangu hapo hakulikumbuka tena, kama mtu asivyokumbuka kofia iliyo kichwani mwake. Sasa alilikumbuka, na aibu ikampanda. Lakini alikuwa mwanaume mwenye karatasi ya serikali ya kuendesha gari, na aliyemuuliza alikuwa bibi kizee wa msituni.

"Mama, kazi ya gari haiko kazi ya kanisa," akasema. "Uangalie mugonjwa wako."

Gunia akaliacha palepale. Naam, aliliacha, ili asionekane amefundishwa. Kiburi si maungwana, lakini nani alimwambia Sebarenzi?

Alifungua kifuniko cha motere. Joto likampiga usoni. Ubavuni mwa motere palikuwa na pompi ya esansi, na chini yake kikombe kidogo cha kioo ambamo esansi hupita ikienda juu. Ndani ya kioo esansi haikutulia. Ilikuwa inatoa mapovu, mapovu madogo yanapanda moja moja, kama chungu kinachotaka kuchemka. Sebarenzi hakuwahi kuona kitu hicho. Huko kwao esansi ilikaa kimya ndani ya kioo siku zote za mwaka.

Mama Elisabeth naye alikuwa ameinama, anatazama kioo. Alitazama kwa muda. Kisha akatazama mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye pompi, akaufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Halafu akaufunga, akainuka, akarudi kwa Hélène bila kusema kitu. Sebarenzi aliona yote hayo. Alidhani mama anaogopa moto.

Akafungua buji moja, ile plagi ya kutoa cheche, akaikuta imelowa. Akaipangusa, akairudisha, akavuta waya tena. Ndiyo, tena. Mtu aliyeshikwa na hofu anarudia kosa lake kwa bidii. Alizungusha mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kivuli cha kamyo kilikuwa kimeanza kutoka chini yake, na Sebarenzi, asiyekuwa na saa ya mkononi, alijua kusoma kivuli. Saa nane imepita. Imepita sana.

Hakuogopa tena kuchekwa. Aliogopa kwamba mwanamke yule atakufa nyuma ya gari lake, au kamyo ya simenti itawafagia wote mpaka korongoni.

Ndipo Hélène alipoita. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Mama. Na wewe papa shofere. Mukuje hapa."

Wakaja. Uso wake ulikuwa wa majivu, midomo imekauka.

"Kwetu mutoto akikataa kutoka, wenye wako karibu wanasema maneno wanaficha. Museme."

Desturi hiyo Sebarenzi alikuwa ameisikia. Watu wa msitu walisema neno lililofichwa linafunga njia ya mtoto, na mwenye nalo asipolitoa, mama anakufa. Wamisionari waliikataza.

"Binti yangu, sisi ni wakristo," Mama Elisabeth akasema. "Hayo tuliacha."

"Basi nitakufa mukristo," Hélène akajibu. "Muficha uchi hazai, mama. Museme."

Sebarenzi alitazama viganja vyake vyenye damu.

"Mi nitasema," akasema. "Mi sijui hii gari iko na nini. Toka imezimika sijui. Ile gunia nilisahau, na mama aliponiuliza nilimutukana juu ya kuona haya. Mara zote nilishuka huku usiku na kupanda usiku, sijapanda hiki kilima na jua hata siku moja. Nilidanganya kwa hospitali kama ninakijua. Njo hivyo."

Alidhani ataona haya zaidi, lakini alijisikia kama mtu aliyeshusha mzigo wa mahindi kichwani. Hélène hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake.

"Na wewe, mama?"

Mama Elisabeth akashika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua.

"Mi napika arki," akasema.

Sebarenzi alifikiri hakusikia vizuri. Arki, pombe kali ya kuchemsha, ilikuwa marufuku. Aliyekamatwa nayo alifungwa na kupigwa viboko. Na huyu ni shemasi, anayesimama kila Jumapili kuwakemea walevi.

"Toka bwana yangu alikufa. Kule nyuma ya muto, mu pori. Floribert mwenyewe hajui." Aliongea haraka sasa, bila kuinua macho. "Papa shofere, hiyo gari yako haina ugonjwa mwingine. Esansi inachemka mu ile mirija. Inakuwa moshi. Moshi haupandi kama maji, unafunga njia. Mi naona hiyo kila juma mu mirija yangu ya arki. Ukiweka baridi juu ya murija, moshi unarudi kuwa maji. Nilijua wakati niliona kile kioo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa. Wewe uko muntu wa misioni. Ungeniuliza nilijifunza wapi."

Hapakuwa na muda wa kukasirika. Sebarenzi alikata kamba, akalitupa gunia. Aliisukuma ile waya ya kuongeza esansi mpaka mwisho wake, akaapa moyoni kutoigusa tena. Mama Elisabeth akachukua panga ambalo Floribert aliliacha ndani ya kamyo, akapanda kando ya njia palipokuwa na mgomba, akaukata, akarudi na vipande vya shina lake. Shina la mgomba hata juani lina baridi ndani. Alilipasua, akaufunika mrija nalo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akafunga kwa nyuzi za shina lenyewe, kwa mikono ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka. Kitenge cha juu akakivua, akakilowesha kijitoni, akaizungushia pompi. Maji yakalia juu ya chuma.

"Sasa ungoje," akasema.

"Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka kioo kinyamaze."

Sebarenzi akafungua buji zote, akazikausha kwa shati lake. Mama akaenda kijitoni na kurudi, akaenda na kurudi. Mapovu yakapungua. Hélène alikuwa ameacha kulia, na kutolia kwake kuliwaogopesha kuliko kilio.

Ngoma ikalia juu ya kilima.

Saa tisa. Kwa hiyo Floribert hakufika, au amefika na mlinzi amekataa. Sebarenzi akarudisha buji ya mwisho kwa vidole vinavyoteleza. Huko juu motere nzito ikanguruma, ikabadilisha sauti kama gari linavyofanya likianza mteremko.

"Kimenyamaza," Mama Elisabeth akasema.

Sebarenzi alimwonyesha pa kukanyaga, akamwambia akanyage mpaka chini na asiachie. Yeye akashika chuma, akazungusha mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kamyo ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi, ikakamata. Sebarenzi alilia waziwazi, akaruka ndani huku machozi yanamtoka.

Wakapanda na pembe ya kamyo ikilia mfululizo. Kwenye kona ya mwisho, pale njia inapopanuka kidogo, wakaikuta kamyo ya simenti imesimama imebanwa upande wa ukuta. Mbele yake alisimama Floribert, mikono wazi, kifua kikigusa chuma. Shofere wa kamyo ile alikuwa anamtukana mama yake na bibi yake. Wakapita kwa upana wa kiganja. Floribert akadandia nyuma, akamshika mkewe miguu.

Walifika hospitali jua likizama. Hélène akaingizwa ndani mbio. Wao watatu wakakaa kwenye benchi nje, hakuna aliyeomba kwa sauti.

Aliyetoka alikuwa muuguzi Nzabandora, mikono bado imelowa.

"Mama atapona," akasema. Akatazama chini. "Mutoto, hapana. Alikuwa mwanaume. Daktari anasema moyo wake umesimama sasa hivi tu, labda saa moja iliyopita. Mulikawia wapi?"

Floribert akageuka kuwatazama wale wawili. Njiani maneno yao yalinunua kitu. Hapa yalikuwa hayanunui chochote, na Sebarenzi alijua angeweza kusema joto, au kilima, na hakuna ambaye angebisha.

"Tulisimama saa moja na nusu," akasema. "Sehemu ya kwanza ni kiburi yangu."

"Na ingine yote ni yangu," Mama Elisabeth akasema. "Nilijua, mwana wangu. Nilinyamaza."

Floribert hakuwapigia kelele. Afadhali angewapigia. Alikaa, akashika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Musimuambie Hélène hayo maneno," akasema mwishowe. "Nawaomba. Asijue."

Mama yake akatikisa kichwa.

"Anajua," akasema. "Njo yeye alituuliza kule mu kamyo, tukasema."

Nzabandora akafungua mlango. Hélène alikuwa kitandani, macho wazi, akiwangoja waingie.