Taa za Datsun ya Guka

Mathe wangu anaendesha pickup. Naanza na hiyo ju hapa kwa ploti yetu Kayole kuna watu bado wanasimama kumtazama akiipaki. Ni Datsun ya guka, baba yake, na kila Jumanne na Jumamosi inatoka kukiwa bado giza, inaenda Kinangop kubeba kabeji na karoti za kuuza hapa Spine Road.

Shida ni ukungu. Asubuhi ukipita Kimende hadi Flyover, unakuwa mzito hadi boneti yako inapotea. Juzi mathe alibakisha kidogo tu agonge mkokoteni wa punda. Alituambia kama stori ya kuchekesha. Buda, babangu, hakucheka.

"Teresiah, hiyo barabara imetosha. Hizo taa za ukungu za chini ziko na faida gani? Hata mshumaa unazishinda. Nunua kabeji zako huku kama wengine."

"Hao wengine wananunua kwangu, Baba Shirleen."

"Basi watafute mtu mwingine."

"Na hizo taa nikizitengeneza? Nizitengeneze, twende na wewe, ujionee kwa ukungu?"

"Zile za babako? Hizo ni za kupeleka makumbusho." Halafu akasema sawa, lakini ilikuwa ile sawa ya mtu anajua hautaweza.

Jioni hiyo mathe akazitoa. Ziko mbili, za mviringo, glasi ya njano, guka alizifunga chini ya bampa kitambo sana. Skrubu zilikuwa zimekula kutu. Akazimwagia mafuta taa, akangoja, akazungusha bisibisi polepole na hakuvunja hata moja. Mimi nilimshikia tochi ya simu. Glasi akasugua na dawa ya meno hadi ile njano ikarudi. Pete za chuma akazilaza kwa soda, kutu ikatoka.

Ikabaki ile sahani ya ndani, ile inang'aa kama kioo ikitupa mwanga mbele. Sasa, kwa ploti yetu mwanamke anajulikana na sufuria zake, na za mathe unaweza chania nywele hapo. Alipoona sahani iko na madoa, akachukua waya ya sufuria na majivu, akaipiga vile mkono umezoea. Akaisuuza. Ilitoka nyeusi. Mng'aro wote ulikuwa umebaki kwa waya.

Mama Akech, jirani wetu, alikuwa kwa mlango wake anakata sukuma. "Mama Shirleen," akasema, "hiyo umeiosha hadi ikasahau kwao."

Mathe aliiangalia sana. Nilidhani atalia. "Kumbe ni rangi tu imepakwa juu," akasema. "Sawa. Nimejua."

Ya pili hakuigusa hata na kidole. Aliichovya kwa maji ya sabuni, akaitingisha, akaitundika kwa kamba ya nguo. Ilikauka ikang'aa hadi Mama Akech akakuja kujitazama.

Buda alirudi kazi akaona ile nyeusi. "Si nilisema," akasema, akaenda kuoga.

Mathe akanigeukia. "Shirleen, gari ikirushiwa jiwe, kwa taa kunavunjika nini?"

"Glasi."

"Na sahani ya ndani?"

Nikatingisha kichwa. Mathe alikuwa ashavaa viatu.

Tulienda kwa Ondiek, fundi wa magari hapo nyuma ya steji. Ako na rundo la taa mbovu limefika kiunoni.

"Mama Kabeji, unatafuta taa gani?"

"Iliyovunjika."

"Hapa zote zimevunjika."

"Basi nimefika."

Akapiga magoti kwa hiyo taka na leso yake ya kwenda kanisa, akipima moja baada ya ingine na ile sahani yetu nyeusi. Ondiek alicheka mwanzoni. Baadaye akawa anamsaidia kuchimbua. Wakapata moja, glasi imeisha kabisa, sahani safi kama ya jana, na ikaingia kwa kikombe cha taa yetu bila kulazimishwa. Mathe akakata raba za kuziba maji kutoka kwa tyubu ya baiskeli, akafunga zote mbili.

Jumamosi buda alikaa mbele, mimi katikati. Kimende ukungu ukatumeza. Mathe akazima taa kubwa. "Hizi zinapiga ukungu zinakurudia machoni," akaambia buda, akawasha za guka.

Mwanga ukalala chini, njano, ukapita chini ya ukungu na kutuonyesha lami na ile laini nyeupe ya kando. Buda alikuwa ameshika dashibodi na mikono yote miwili. Mathe akapunguza mwendo. Nikashangaa kwa nini, halafu nikaona magurudumu ya baiskeli mbele yetu, na mzee amebeba mitungi ya maziwa. Mathe akampita kwa nafasi, taratibu.

Buda akaachilia dashibodi.

"Ile ya takataka ni gani?" akauliza.

"Ukiona tofauti niambie."

Aliangalia kilomita kadhaa, kushoto, kulia, kushoto. "Sioni," akasema.

Kabla tufike Njabini alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea mlango. Mathe akapunguza redio asimwamshe.