Shangazi Mvua Bado Yumo

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na feni zake zilinguruma mchana kutwa kama majirani wanaogombana. Fundi alikuwa humo peke yake, koti limefungwa hadi shingoni, bisibisi mfukoni. Jengo zima lilifanyia kazi ndani ya mashine ile moja, kompyuta kuu iliyowahudumia wote, lakini watu wake aliwajua kwa majina ya kwenye skrini tu. Wakikutana naye kwenye ngazi walimpita kama ukuta.

Aliyemjua kwa sauti ni Shangazi Mvua peke yake, mstaafu aliyekuwa akiingia kwenye mashine hiyo akiwa nyumbani kwake, kuchambua takwimu za mvua za zamani. Kila Fundi alipotaka kufunga kifaa kipya, alituma tangazo kwenye skrini za wote: tokeni, nazima mashine. Wote walitoka, shangazi hatoki. Ikabidi apigiwe simu, na simu yake haikuwa ya kukatika upesi: goti lake, paka wake, halafu, "Umekula?" Tangu Fundi afiwe na mkewe, hakuna mwingine aliyemuuliza hivyo.

Leo zilikuja diski za aina mpya, za kuchomekwa mashine ikiwa inaendelea na kazi. Hakuna kuzima, hakuna tangazo, hakuna simu. Akachomeka ya kwanza, taa ya kijani ikawaka. Ya pili nayo hivyo hivyo. Kazi ikaisha kabla chai aliyoiacha mlangoni haijapoa. Akabaki anaitazama ile taa, moyo umemshuka.

Akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi. Naomba utoke, nazima mashine."

"Marahaba. Umeanza vitisho vyako! Mbona wenzangu bado wamo? Nayaona majina yao hapa."

"Hao... hao wabishi."

"Wabishi wote hao, mtiifu mimi peke yangu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai."

"Chai hunywewa, baba. Nimekuuliza kula."

Wakaenda hivyo, wakapita kwenye goti, wakafika kwa paka. Mwisho shangazi akasema, "Basi, nimeshatoka. Zima mashine yako."

Simu ikakatika, ngurumo za feni zikarudi. Fundi akatazama skrini. Jina la shangazi lilikuwa palepale, halijasogea.

Akaweka kidole kwenye simu, akakiondoa. Akafunga kabati la mashine polepole, akaliacha jina lilivyo, ili kesho apate sababu ya kupiga.