Timazi ya Fundi Mwashi

Kikao cha tatu cha usuluhishi kilichelewa robo saa kwa sababu karani alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia meza. Mjane wa fundi mwashi alisubiri kwenye benchi la nje, mfuko wa zana mapajani. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Alikuwa ameitwa kuuleta mfuko huo, basi.

Ndani walikuwamo wawili wanaogombana, mwenye jengo na mkandarasi. Ngazi ya ghorofa ya pili ilikuwa imeanguka, na fundi mwashi alikuwa juu yake. Kila mmoja alisema kosa ni la mwenzake, mpaka kikao cha pili, walipogundua kwamba linaweza kuwa la marehemu. Mkandarasi alidai fundi hakuwa hata na timazi ya kupimia wima.

Mjane akaitwa ndani, akaitoa kwenye mfuko wa zana, kipande cha shaba kilichochongoka, pamoja na uzi wake. Msuluhishi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaitundika kwenye feni juu ya meza ili kila mtu aione.

Timazi haikusimama wima. Ililala upande, uzi umekaza, ikaelekea kiti cha karibu na mlango, alipokaa muuza nondo, shemeji wa mwenye jengo.

"Feni imewashwa?" msuluhishi akauliza.

"Hiyo ilikufa tangu mwaka jana," karani akasema, akisogeza chupa ya chai isigongwe.

"Shemeji, hebu hama," mwenye jengo akasema.

Muuza nondo akahamia dirishani. Timazi ikazunguka polepole, ikamfuata. Msuluhishi akachukua kipimapembe, akapima, digrii thelathini na moja. Akaandika kwa penseli.

"Mume wangu alisema nondo alizoleta huyu ni nyembamba," mjane akasema. "Alisema hizi ni za kuanikia nguo. Akaambiwa kama anaogopa, akakae jikoni na mkewe. Mwingizeni huyu kwenye kesi, naye ajibu."

"Mama, nguvu yangu yote imo kwenye mkataba huu wa usuluhishi, na una sahihi mbili, za hawa. Wenyewe wakikubali, namwingiza sasa hivi. Wasipokubali, hata jina siwezi kumwuliza." Msuluhishi akawageukia wale wawili.

"Huyu amenisindikiza tu," mwenye jengo akasema.

Mkandarasi akatazama viatu vyake. Nondo za kazi yake mpya zilikuwa zinatoka kwa mtu huyo huyo. "Mimi sina neno na shemeji."

Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Na mume wangu? Yeye alitia sahihi wapi, mbona mnamhukumu?"

"Hahukumiwi, mama. Anatajwa tu."

Msuluhishi akaifuta ile thelathini na moja kwa kifutio, akapuliza vumbi lake.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Ulisema ngazi ilianguka kwa uzembe wa fundi ambaye sasa ni marehemu, na wawili hao hawana la kulaumiana.

Mjane aliitundika timazi kwenye boriti ya jikoni. Tangu hapo anajua muuza nondo alipo. Asubuhi inaelekea ghalani kwake, jioni kwa dada yake. Usiku mjane huamka mara mbili tatu kuitazama.

"Leo mzee wa nondo kaamkia wapi?" binti yake huuliza, akipita chini ya uzi na kikombe cha chai.

"Ghalani. Wahi shule."

Jumatatu moja, binti akiwa ameshaondoka, timazi ikageuka ikaelekea shuleni, wanakoongeza ghorofa. Mjane akasubiri igeuke tena. Haikugeuka. Akazima jiko, akaifungua, akaenda nayo mkononi.

Muuza nondo alikuwa uani akisimamia mzigo ushushwe. Mwalimu mkuu alimsikiliza mjane mpaka mwisho, akautazama uzi ulivyolala, akamwuliza kwa upole kama jina lake limo kwenye mkataba wa ujenzi.

Kisha akainama kidogo asiuguse uzi, akaenda kupiga kengele ya kuingia madarasani.