Goli la Gurey na Kibendera Changu

Nimeishi Garissa miaka arobaini na miwili, na bado kuna watu hapa mtaani Waberi wasiojua kwamba jina langu ni Kioko. Mimi ni Mwalimu Bendera. Niliowafundisha wananiita hivyo, watoto wao wananiita hivyo, na siku moja hata mhubiri mgeni kutoka Meru alinikaribisha mbele ya kanisa kwa jina hilo. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikalizoea kama nilivyolizoea joto la hapa, yaani kwa kulalamika kila siku.

Chanzo ni dakika moja tu ya mwaka wa themanini na tano. Ilikuwa fainali ya mkoa, Soko Stars yetu na timu ya Wajir. Refa alitoka Nairobi na washika vibendera wawili, mmoja akaugua tumbo njiani, basi wakatafuta mtu wa bara anayejua sheria za mpira na asiye na ndugu katika timu yoyote. Wakanipata mimi, kijana wa Machakos, mwalimu wa shule ya msingi. Kibendera changu kilikuwa kipande cha pazia kwenye kijiti cha mswaki. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu ya jikoni.

Zilipobaki dakika mbili, bila kwa bila, Gurey alifunga. Mimi nikainua kibendera. Refa akapuliza filimbi, goli likakataliwa, na Wajir wakabeba kombe kwa penalti.

Gurey maana yake ni mtu wa shoto, na shoto lake lilikuwa na habari zake. Alivaa kiatu kimoja tu, cha kulia. Mguu wa kushoto aliuacha wazi, mpana, wenye kovu la mwiba kutoka kisigino hadi mgongo wa mguu, na kidole gumba kisicho na ukucha. "Huu unataka kuona mpira," alikuwa akisema. Ukiniuliza mimi, tangu siku hizo sijaona mtu akiupiga mpira kwa upole namna ile, na nina televisheni.

Baada ya mechi watu walinimiminikia uwanjani. Siwalaumu, ningekuwa wao ningejipiga mwenyewe. Gurey akaja, akanishika mkono bila kusema neno, tukatembea hivyo, mkono kwa mkono, hadi kwenye nyumba za walimu, na hakuna aliyethubutu kurusha hata jiwe dogo. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Akarudi upande wa Balambala kushika ngamia wa familia, na hakucheza tena.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Sikuona. Pasi ilipopigwa, kimbunga cha vumbi kilipita upande wangu nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Gurey yuko peke yake na mpira uko wavuni. Nikaona haya kuwa mshika kibendera asiyeona, nikainua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imefika miaka arobaini. Watu wakinichokoza, mimi husema, "Ofsaidi ni ofsaidi," halafu nakunywa chai yangu.

Chai hiyo tunainywa kibandani kwa Anab, kila asubuhi saa nne. Tuko watatu. Kuna Siyad, dalali wa mbuzi aliyechezea Soko Stars zamani, ambaye huigiza lile goli upya kwa vyombo vya meza: kikombe changu ni beki, bakuli la sukari ni kipa wa Wajir, na Gurey ni kijiko. Kuna Rage, kipa wetu wa zamani, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi kuna msiba. Na mimi, adui yao wanayempenda. Kijiko kikishalipita bakuli la sukari, Siyad huangalia juu kana kwamba bado anasikia zile kelele, na kusema kwamba siku ile hata askari waliosimamia amri ya kutotoka nje usiku walipiga makofi. Halafu hunigeukia. Sijawahi kuona mtu mzima akiumwa na kitu kwa raha kiasi hicho.

Jumanne moja Anab alikuja na birika lakini hakumimina.

"Mwenye maziwa wa Balambala ameniambia," alisema. "Gurey yuko hospitali hapa mjini tangu juzi. Ni moyo. Kesho asubuhi wanampeleka Nairobi."

Siyad alikuwa ameshashika kijiko. Akakirudisha mezani taratibu.

Mimi nilimhurumia, lakini haikuwa huruma peke yake. Miaka yote nilikuwa nikijiambia kwamba siku moja nitapanda gari niende Balambala, nimwambie. Ni safari ya asubuhi moja tu. Sasa ilikuwa imebaki leo, saa ya kuona wagonjwa, saa sita na nusu hadi saa nane. Mtu wa umri wetu akipelekwa Nairobi kwa moyo, usipange kumwambia akirudi.

Kwenye dirisha la kumbukumbu za wagonjwa tulimkuta binti mmoja, kibandiko chake kimeandikwa Nasteho.

"Jina ya mgonjwa?"

"Gurey," alisema Siyad, kifua mbele.

"Adeer, mzee wangu, Gurey gani? Kila boma Garissa iko na Gurey moja."

"Gurey wa Soko Stars!"

"Hiyo ni duka?"

Siyad ilibidi ashike ukingo wa dirisha. Binti akaona amekosea mahali, akalainisha sauti. "Basi nipe jina ya kitambulisho. Ama ya baba yake."

Tulikuwa tunajua magoli yake yote, hamsini na mawili. Tulijua kwamba hakula kabla ya mechi ila tende tatu, na kwamba aliogopa mbwa. Jina lake hatukulijua.

"Sawa. Ni wa watu gani?" aliuliza Nasteho. Hapa mjini hilo ndilo swali la kawaida: taja ukoo, utapata mtu. Lakini sisi watatu tulirudi nyuma hatua moja, hata mimi nisiye na ukoo wa kutajwa huku.

"Hiyo hatuwezi uliza," alisema Siyad.

Ilikuwa amri ya kocha wetu, Abdiwahab, Mungu amrehemu. Miaka ile ilikuwa mibaya, watu wa ukoo huu na ule hawakunywa kisima kimoja, na yeye alikuwa na vijana kutoka koo tano. Akasema, uwanjani mtu ana jina la uwanjani tu. Atakayetaja ukoo wake au wa mwenzake, au hata jina la babu, atachota maji mtoni, mitungi miwili, na kuumwagilia uwanja wote kutuliza vumbi. Siyad aliadhibiwa mara moja tu, akakoma. Kocha alikufa, timu ikafa, uwanja umejengwa maduka, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Tulijivunia sana jambo hilo. Hatukuwahi kufikiria kwamba kuna siku tutasimama dirishani na hatuwezi kumpata mtu wetu.

"Wazee, sasa nitawasaidia aje?" alisema Nasteho. "Niko na wanaume themanini."

Ndipo Rage, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi, akafungua mdomo.

"Mguu," alisema.

Sijui Nasteho alimwonaje mzee yule mrefu asiye na maneno, lakini alifunga daftari lake akatoka nyuma ya dirisha, na akatuongoza mwenyewe hadi wodi ya wanaume. Tukaingia tumeinamisha vichwa. Wagonjwa wakatushangaa, wazee watatu tunaopita kitanda hadi kitanda na kuangalia miguu. Mmoja akaficha ya kwake chini ya shuka.

Kitanda cha kumi na nne, karibu na dirisha, mguu wa kushoto ulikuwa nje ya shuka. Mpana. Kovu kutoka kisigino hadi mgongo wa mguu. Kidole gumba hakina ukucha.

Uso nisingeutambua kamwe. Alikuwa mdogo, amekauka, ndevu zimepakwa hina. Siyad hakuangalia hata uso. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili akaanza kulia waziwazi, mtu ambaye sokoni watu wanamwogopa.

"Waryaa," sauti ikatoka kwenye mto. "Acha mguu yangu. Wewe ni Siyad. Bado unalia kama ile siku ya mitungi."

Nasteho alikuwa ameinua kadi iliyoning'inia kitandani. "Kumbe ni huyu! Ayanle..."

"Basi, basi!" Siyad alimkatiza, akiwa ameziba masikio. "Moja inatosha. Usisome ingine, tutachota maji!"

Gurey alicheka hadi akashika kifua, na Nasteho akatugombeza sote.

Walizungumza mpira. Rage alisema maneno kumi na mengine ya akiba. Gurey alikumbuka vitu ambavyo hata Siyad alikuwa amesahau, na Siyad alikuwa akiviokota kimoja kimoja kwa furaha. Mimi nilisimama upande wa miguu, nikitabasamu, jasho linanitoka. Saa yangu ilisema saa saba kasoro. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika, na wale wawili wakatoka kwenda kuswali.

Nilibaki na Gurey. Nilijua sitapata nafasi nyingine.

"Gurey," nilisema, "ile siku sikuona."

"Siku gani, Mwalimu?"

"Unajua siku gani. Kulikuwa na vumbi, nikafumba macho. Niliinua kibendera hivi hivi tu. Ungeenda timu kubwa Nairobi, watu wangekujua nchi nzima. Nimekaa na jambo hili miaka arobaini nikinywa chai na marafiki zako. Nimekuja kuomba msamaha." Nilikuwa nimepanga maneno mengine mazuri zaidi.

Aligeuza kichwa juu ya mto, akaniangalia.

"Mwalimu," alisema, "ilikuwa ofsaidi."

Nilidhani dawa zimempanda kichwani.

"Hatua mbili, wallahi. Nilimpita beki kabla ya pasi. Nilijua kabla sijaguza mpira. Nilifunga nikageuka kuangalia wewe. Ulipoinua ile pazia yako nikasema, alhamdulillah, mtu moja ameona." Akapumua kidogo. "Kumbe hukuona."

"Sikuona."

"Watu wakakufuata na mawe. Mimi nikashika mkono yako. Mkono nilitoa, lakini mdomo nikafunga. Ningesema neno moja tu, wangekuacha. Sikusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mji mzima unaimba jina yangu. Kisha nikaenda Balambala, nikasikia wamekuita Bendera mpaka leo." Akanyoosha mkono, nikaushika. "Wewe ndiye utanisamehe."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo mwanamume wa Kikamba hafundishwi. Nilimwambia nimemsamehe tangu zamani, bila kujua kosa ni lipi. Akasema na yeye hivyo hivyo.

"Siyad asijue," alisema. "Ile goli ndiyo mali yake."

Wenzetu waliporudi walikuta mkono wake bado mkononi mwangu.

Njiani kurudi nilijiuliza kama alisema kweli, au alinisitiri tu, maana watu wa huku wanajua kumsitiri mtu. Tulifika kwa Anab jua likiwa limeanza kupoa, na Siyad, macho bado mekundu, akapanga vyombo. Kikombe changu beki. Bakuli la sukari kipa. Kijiko kikapita, kikapita tena, kikafunga. Akanigeukia, na nikaona hana nguvu za kunichokoza leo, anafanya tu kwa sababu akiacha ataanza kulia tena.

"Haya, Bendera. Sema ile yako."

"Lilikuwa goli," nilisema.

Anab akaacha kumimina. Rage aliivua kofia yake.

"Umesema nini?"

"Lilikuwa goli halali. Mimi ndiye niliyekosea. Kulikuwa na vumbi, na sikuona."

Nilitarajia shangwe. Siyad alikaa tu, kijiko mkononi, akiniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Miaka arobaini," alisema. "Sasa asubuhi tutabishana nini?" Kisha akainuka, akanikumbatia kwa nguvu hadi kikombe cha beki kikaanguka chini kikavunjika, na Anab akasema hatatulipisha.

Kesho yake, saa moja asubuhi, tulisimama kwenye lango la hospitali. Walikuwa wamemlaza kwenye ambulansi, nesi kando yake, mlango wa nyuma ukiwa bado wazi. Shuka lilimfunika vizuri isipokuwa mguu mmoja. Siyad hakuweza kujizuia. Aliingiza kichwa ndani akapaza sauti lango zima lisikie.

"Gurey! Bendera amekubali! Amesema mwenyewe ilikuwa goli! Tulishinda, walaal, ndugu yangu, tulishinda!"

Gurey aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Akaniona nyuma ya bega la Siyad. Karibu na mkono wake kulikuwa na kitaulo cheupe cha kufutia jasho. Akakichukua, akanyoosha mkono juu, wima kabisa, kitaulo kikining'inia, na akaushikilia hapo hapo huku ananitazama usoni na kutabasamu.

"Anatuaga," alisema Siyad, akipunga mikono yote miwili. Nesi akafunga mlango, gari likaelekea darajani, na mimi nikapunga mkono pamoja nao.