Doa Langu Ukutani

Mwanangu hajawahi kunioshea hata kikombe. Nalisema hili mapema ili nieleweke. Nimemlea, nimemfulia, nimempigia pasi mashati ya shule mpaka ndevu zikamwota, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona ameshika kitambaa cha kufutia kwa hiari yake. Sasa fikiria: Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia kwake natoka chumbani nimejifunga kilemba, namkuta amepiga magoti sebuleni, ndoo pembeni, mswaki mkononi. Mswaki wa meno. Anasugua ukuta.

Mkewe alikuwa juu ya stuli, na brashi yake, anampa maelekezo.

"Polepole, mpenzi. Usiukwangue. Ubembeleze."

Aubembeleze! Mtu huyo nilimbembeleza mimi alipougua surua, usiku na mchana, mgongo ukafa ganzi. Leo anafundishwa kubembeleza mawe.

Ukuta wenyewe, sikatai, ni mzuri. Ni ule mmoja tu wa sebule, ulio ubavuni mwa mlango. Umebandikwa vipande vya mawe ya chokaa, virefu kwa vifupi, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai. Mwanangu ni fundi umeme, basi akaupangia taa ndogo darini, zikiwashwa mwanga unateremka juu ya mawe na kila jiwe linatoa kivuli chake. Mgeni akiingia anasahau salamu. Mimi pia siku ya kwanza nilisahau, ila nilijirekebisha haraka.

Mkamwana wangu ni msaidizi wa daktari wa meno. Nadhani ndiyo maana anaushughulikia ule ukuta kama kinywa cha mtu mwenye pesa. Moyoni nilimwita Bi Brashi. Bi Brashi ana sheria zake. Kwanza vumbi, kwa brashi laini na kavu, kutoka juu kwenda chini, ili uchafu usiangukie ulikokwisha safisha. Kisha sifongo na maji matupu, jiwe linywe maji kabla halijaonja sabuni. Sabuni yenyewe tone, ile ya kuoshea vyombo, isiyo kali. Mswaki kwenye viungo. Suuza, kausha kwa kitambaa. Na mara moja moja wanaupaka dawa isiyo na rangi ya kuzuia maji yasipenye. Nilivijua vyote hivyo kwa kutazama tu, maana kushika sikuruhusiwa.

"Mama, wewe pumzika," alikuwa akiniambia, kwa adabu kabisa. "Umefanya kazi maisha yako yote."

Nimefanya, tena si mchezo. Nilikuwa msimamizi wa usafi katika nyumba ya wageni, ghorofa nne. Kwenye vigae vyangu ungejiona uso. Masinki yangu yalikuwa yanasifiwa na watu waliokuja kulala usiku mmoja tu. Halafu ninaambiwa nipumzike, kana kwamba nimeagizwa dukani na bado niko kwenye boksi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa naingia mwezi wa tatu na jembe silioni.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja. Nilitaka mwanangu arudi kazini, asimame pale mlangoni, aangalie kitu ndani ya nyumba ile na aseme, "Mama, hii ni kazi yako." Basi. Lakini kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Anaingia, ananyoosha mkono, anauweka kwenye ukuta karibu na swichi. Kisha anamwita mkewe, "Leo umeuona unavyong'aa?" Kisha ndiyo naipata shikamoo yangu. Kushindwa na mke nilikuwa nimejiandaa, kila mzazi wa mtoto wa kiume hujiandaa. Kushindwa na ukuta sikujiandaa. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa pale anapoweka mkono kila jioni pakafanya doa. Mafuta ya kiganja, jasho, vumbi la waya. Bi Brashi aliligundua, akalijaribu kwa sabuni yake ya tone moja, likafifia lakini halikutoka.

"Nitamuuliza fundi aliyebandika mawe," akamwambia mume wake. "Sitaki kutia dawa nisiyoijua."

Nilikuwa nakunywa chai. Nusura nipaliwe. Doa la mkono linaitiwa fundi! Katika nyumba ya wageni nimeondoa wino, nimeondoa kutu, nimeondoa vitu ambavyo sivitaji mbele ya watu wanaokula, na sikumwita mtu. Nikajikaza kisabuni. Lakini moyoni nilikwisha amua.

Siku ya pili yake wote wawili walikwenda kazini. Nikafunga mlango, nikakunja mikono ya gauni. Jikoni palikuwa na limau na waya wa kusugulia sufuria. Ni vitu viwili hivyo vilivyonipa jina kazini. Nikakata limau, nikakamulia pale pale kwenye doa.

Jiwe likatoa povu.

Ungeniona nilivyofurahi! Povu dogo, jeupe, linachemka kwa sauti ya chini. Katika kazi yangu povu ni ushahidi: ukiona povu, ujue uchafu unatoka. Nikamwambia Bi Brashi, ingawa hakuwepo, "Umeona? Miezi yote unabembeleza." Nikakata limau la pili. Nikashika waya, nikasugua kwa nguvu zangu zote za zamani, bega likinikumbusha umri, mimi silisikilizi. Doa likaondoka. Nikasuuza, nikakaa kwenye kiti nikisubiri ukuta ukauke na mwanangu arudi.

Ulipokauka, nikaona.

Mahali pale, upana wa sinia, jiwe lilikuwa limepauka. Ule ulaini wake wa maziwa umekwisha, limebaki jeupe na la kukwaruza, kama mdomo wa mtu mwenye homa. Nikawasha taa nikidhani ni macho yangu. Taa zikazidisha: mawe yote yanang'aa, na katikati yao kiraka. Nikatia maji, kikapotea. Maji yakakauka, kikarudi. Ndipo nikaelewa kwamba lililokuwa likichemka halikuwa uchafu. Lilikuwa jiwe lenyewe.

Mchana ule wote sikula. Nilijipanga. Mwanangu atakasirika, nitalia. Nikilia atanionea huruma, atakaa karibu nami, ataniambia, "Mama, usijali." Hapo nitamshika mkono. Kusema kweli, kadiri saa zilivyokwenda nilianza kuitamani hiyo huruma. Tangu nihamie kwake hajakaa karibu nami kiasi cha kunishika mkono.

Aliyetangulia kurudi ni mkamwana. Akaweka mkoba, akavua viatu, akauona ukuta. Hakupiga kelele. Akainama, akapitisha kidole kwenye kiraka, akakinusa.

"Limau," akasema.

Nilikuwa nimeshaunoa ulimi tayari. Aseme neno moja tu, nimpasue.

"Mama, mikono haikuwashi? Limau na ule waya hukata ngozi." Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaenda kuleta mafuta ya kupaka. Kisha akaingia jikoni, akatoa maganda ya limau kwenye ndoo ya taka, akayafunga kwenye gazeti na kuyapeleka nje kwenye pipa kubwa. Nikajua anakusanya ushahidi.

Kabla hajakaa, mwanangu akaingia. Mkono ukanyooka kwa mazoea, ukaukaribia ukuta, ukasimama hewani.

"Nani kafanya hivi?"

Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Nikafungua kinywa.

"Mimi," akasema mkamwana. "Lile doa lilinikera, nikajaribu limau. Nimekosea, mpenzi. Nisamehe."

Alilisema bila hata kupepesa. Mwanangu akachuchumaa. Akaligusa lile jiwe kwa ncha za vidole, halafu akamwangalia mkewe. Nilikuwa namjua yule mtu anayeangalia namna ile. Ni mimi. Ndivyo nilivyomwangalia utotoni alipovunja chupa ya chai niliyozawadiwa kazini, akasimama katikati ya vigae akitetemeka.

"Basi, usijali," akamwambia. "Ukuta ni ukuta tu."

Ukuta ni ukuta tu! Miezi yote nimeingoja sentensi hiyo, inatoka kinywani mwake, na anapewa mwingine. Kosa nimelifanya mimi, bega linauma langu, mchana kutwa nimekaa na njaa nikiungoja msamaha ule, halafu mtu anarudi kutoka kwenye meno ya watu, anauchukua kama mzigo wake. Mwanangu amemchukua. Ukuta amechukua. Hata kosa langu kanichukulia!

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

Wote wakageuka.

"Ni mimi niliyelifanya, si yeye. Malimau mawili na waya wa sufuria. Nenda kwenye ndoo ya jikoni kaone maganda!"

Mwanangu akaenda kweli. Akarudi anatabasamu. Ndoo ilikuwa tupu; kwa hasira nilisahau kwamba maganda yalikwisha pelekwa nje.

"Mama, acha kumtetea."

"Simtetei mtu! Nakwambia nimesugua mimi!"

"Mama." Akacheka, kicheko cha upole. "Wewe? Ghorofa nne zilikuwa zinakutegemea wewe. Hujawahi kuharibu hata kijiko. Kosa kama hili hulifanyi wewe."

Akanijia, akanikumbatia, kichwa chake akakilaza begani kwangu, bega lile lile linalouma. "Nilikuwa naogopa," akasema polepole. "Tangu uje nilikuwa sina amani. Nilidhani hamtapatana, nyinyi wawili. Kumbe unampenda hivi. Mama, wewe una moyo."

Nilikuwa nimetaka sifa, nikapewa sifa. Nilikuwa nimetaka kushikwa, nikashikwa. Vyote kwa ajili ya upendo ambao sikuwa nao hata punje. Kumpiga chura teke ni kumwongezea mwendo: nilitaka kumnyang'anya mkamwana msamaha, nikamwongezea na mama mkwe mwema. Juu ya bega la mwanangu nilimwona amesimama na kopo la mafuta ya kupaka. Hakucheka. Akainamisha macho.

Ningeweza kumsukuma mwanangu na kusema tena. Lakini alikuwa mzito na wa moto, kama zamani alipokuwa akisinzia begani, na mimi nina umri wangu. Nikampapasa mgongo.

Fundi wa mawe akaja Ijumaa. Akaeleza kwamba mawe ya chokaa hayapatani na limau wala siki wala kitu chochote kikali, na kwamba ngozi ya jiwe ikishaliwa hairudi. Akasema kipande kile kinaweza kubanduliwa, akabandika kingine, hakitajulikana.

"Liache," mwanangu akasema. "Hilo doa la mke wangu."

Tangu hapo kila jioni akiingia anaweka mkono pale pale, kwenye kiraka, na anatabasamu. Mimi naketi kwenye kiti natazama. Hivi unajua ni nini kuona doa lako, ulilolifanya kwa jasho lako, linapapaswa kila siku kwa jina la mtu mwingine?

Jumamosi nikaamka, nikawakuta wameshatoa ndoo. Mwanangu alikwenda nje kubadilisha maji. Mkamwana akanijia na mswaki, mpya, wa kijani, bado uko kwenye karatasi yake.

"Mama, utatusaidia upande wa chini?"

Ndilo jembe langu hilo, limekuja. Sikusema asante. Nikavuta stuli, nikaketi. Tulifanya kazi bega kwa bega, yeye juu na brashi, mimi kwenye viungo vya chini. Vumbi likaisha, maji yakafuata. Tukafika karibu na swichi, naye akanyoosha mkono na sifongo kuelekea kwenye kiraka.

Nikampiga kofi la mkononi. Dogo tu, kama la mtoto anayedokoa nyama.

"Hilo langu," nikamwambia.

"Najua, mama," akasema.

Akasogea kunipisha, akanisukumia na ndoo. Hata kusogea anasogea vizuri, ndicho kinachoniudhi. Nikalowesha mswaki. Nikaanza kulisugua lile jiwe lililopauka, bila nguvu, kwa kuzungusha, nikilibembeleza kama nilivyoona wanafanya.

Mlango ukafunguliwa, mwanangu akaingia na maji. Akanikuta nimeinama pale.

"Taratibu hapo, mama," akasema. "Hilo ni la mke wangu."

Mkamwana akageuka. Nikaona midomo yake inafunguka, na nikajua safari hii angesema. Nikamtikisia kichwa.

"Nimesikia, baba," nikasema, nikachovya mswaki tena kwenye maji.