Korongo Asiyeruka

Korongo alisimama ukingoni mwa kiota, mabawa nusu wazi, akiitazama lenzi uso kwa uso. Binti aliisogelea kompyuta. Miaka yote aliyosafisha picha za baba yake, korongo wa bwawani aliwajua kwa migongo tu. Ukikohoa, wamekwisha paa. Ukivuta pumzi, matete yamebaki matupu. Huyu alikuwa karibu hata manyoya ya shingoni mwake yalihesabika.

"Umemkaribia vipi, Baba?"

"Kwa subira, mama," mzee alijibu kutoka kitini, kikombe cha chai gotini. "We safisha tu."

Watu walimwita Mwewe, kwa kuwa zamani hakuna kilichompita angani. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemtandia ukungu pande zote mbili, na siri hiyo waliijua wawili. Yeye alibonyeza; binti alichagua, akakata kingo, akaongeza mwanga, akafuta tawi lililojipenyeza. Kwenye maonyesho watu walimpa mzee mkono, na binti wakampa makoti yao awashikie.

Aliikuza picha zaidi ili aondoe vumbi. Mguuni mwa kinda aliyelala kiotani kulikuwa na mstari mwembamba unaometa. Alidhani ni utandu wa buibui, mpaka alipoona fundo. Ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki, umekazwa mguuni na kufungwa kwenye shina la tete. Juu na chini ya fundo nyama ilikuwa imevimba.

"Baba, huyu kinda amefungwa."

Mzee alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

"Kinda akisikia mtu hutambaa akajificha matetani. Mama naye haoni sababu ya kubaki. Basi nikampa sababu."

"Utamfungua lini?"

"Nikiipata picha yenyewe. Hii bado. Naona weupe mtupu, nabonyeza kwa kubahatisha." Kisha akacheka kidogo. "Usininunie. Samaki wa jana ulimla mpaka mifupa. Alikuja mezani kwa hiari yake?"

Binti aliinuka. Alitia mkasi mfukoni, akavaa buti, akatoka. Mlangoni alirudi kuchukua kamera. Ni ya ushahidi, alijiambia, ingawa hakujiuliza ushahidi huo angempelekea nani.

Aliusukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya matete hadi maji yalipokuwa ya magotini, akashuka. Korongo alimwona kutoka mbali. Alitikisika mwili mzima, akainama kama anayetaka kuruka, akarudi palepale. Binti alipiga hatua. Ndege akafungua mdomo, bila sauti. Hatua nyingine. Ule woga wote aliozaliwa nao ulikuwa unamvuta juu, na kitu kingine kinamvuta chini, na shingo yake ilitetemeka katikati kama kamba inayogombewa.

Mguu wa kinda ulikuwa mweusi. Kivuli cha binti kilipomwangukia, kinda aliinua kichwa na kuachama, akidhani ameletewa chakula.

Hapo jua likatoka nyuma ya wingu. Mwanga ulipenya ubavuni mwa matete, ukauwasha kila unyoya peke yake, ukaweka tone la dhahabu ndani ya jicho la mama. Binti alikuwa amekaa kitako miaka mingi akiutengeneza mwanga wa namna hii kwa vidole. Sasa ulikuwa mbele yake, bure. Mkono ulikwenda mfukoni kutafuta mkasi, ukaghairi, ukaishika kamera.

Moja tu, alisema moyoni.

Alihamia kushoto ili lile tete lililovunjika lisiingie. Akasogea tena. Korongo alitandaza mabawa juu ya kinda, na hilo ndilo alilokuwa akilingoja bila kujua kuwa analingoja.

"Tulia," alinong'ona, "tulia, mama," akaisikia sauti ya baba yake kinywani mwake. Hakuacha kubonyeza.

Wingu liliporudi, alikata mshipi. Kinda alijaribu kusimama kwa mguu uliokwisha kufa, akapinduka, akatumbukia majini. Binti alipomwokota, kichwa kilining'inia. Alimlaza kiotani. Mama alimgusa mara mbili kwa ncha ya mdomo, kisha akaruka.

Picha aliisafisha mwenyewe. Mshipi aliufuta punje kwa punje. Mguu mweusi aliufunika kwa rangi aliyoiazima kwenye mguu mzima. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hii si yangu."

"Si yako."

"Umemfungua kwanza, au umepiga kwanza?"

Binti aliihifadhi picha. Mzee alimpapasa bega, taratibu, kama mtu anayempima ng'ombe aliyemnunua. "Weka jina lako," alisema.

Waliiita *Mapenzi ya Mama*, ikatundikwa ukuta wa peke yake. Watu walipoifikia walishusha sauti. Mwanamke mmoja mjamzito alifuta machozi kwa kiganja.

"Samahani, dada. Huyu mdogo alikua?"

"Aliondoka kiotani siku ileile."

"Alhamdulillah," mwanamke alisema, akatabasamu, na binti akatabasamu naye. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani.

Asubuhi moja baadaye, mzee aliamka akasikia mtu sebuleni akifunga zipu ya begi. Alitoka akipapasa ukuta.

"Unakwenda wapi mapema hivi?"

"Bwawani. Ng'ambo kuna kiota kingine, makinda wametotolewa juzi."

"Ningoje nivae viatu, twende wote."

Binti alimtazama: miguu mitupu, macho meupe, mkono umenyooshwa kuitafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani kwake tayari.

"Baki tu, Baba," alisema kwa upole. "Utawashtua."

Mlango ulifungwa. Mzee alibaki amesimama palepale, uso ameuelekeza ulikokwenda mlio wa buti.