Swali Ambalo Mkwe Wangu Aliliruka

Mkwe wangu Symphorien alikuwa nesi katika hospitali ya wafanyakazi wa mgodi, na huo ndio ulikuwa msiba wangu wa kwanza. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Nikimwona anakuja njiani, napinda kona. Akiwa na neno, anampa mtu mwingine aniletee. Miaka sita tuliishi hivyo kwa amani, mpaka tumbo liliponishinda.

Docteur Pierre, daktari mzungu wa pale, hakujua Kiswahili, na Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Kwa hiyo Symphorien alisimama ameukabili ukuta, akatafsiri. Kila neno alimpa mama Mwansa, mgonjwa wa kitanda cha pili, naye akanipa mimi, ingawa sote tulikuwa chumba kimoja na masikio ninayo. Mzungu yule alitutazama kama wendawazimu. Niliulizwa kama choo kinanipa shida, nikasema ndiyo. Kama kina damu, ndiyo. Kama nimekonda, si aone mwenyewe.

Kisha hukumu ikaja. Picha ilionyesha kitu kimeubana utumbo chini kabisa, na docteur alidhani ni kansa. Angekata sehemu yote ile, angeshona njia ya nyuma ifungwe, na choo changu kingetokea tumboni, kwenye mfuko, mpaka siku ya kufa kwangu. Nilimtuma mama Mwansa aulize kama mtu anaweza kukaa kanisani na kitu hicho. Siku nne nilijifunika blanketi mchana kweupe, nikimkasirikia Mungu na kila aliyekuwa na utumbo mzima.

Asubuhi ya upasuaji mama Mwansa alikwenda kuoga. Symphorien akaingia na kitanda cha magurudumu. Kwenye beji yake aliitwa Kalaba, kwa kuwa serikali ilikwisha kataza majina ya kizungu. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, kama inavyopasa. Hakuondoka.

"Mama," akasema, bila mtu katikati yetu. "Docteur aliulizaka kintu moja, mi nikairuka. Nilisikia haya."

Alikuwa hajapata kuniita tangu amwoe Clotilde wangu.

"Aliuliza ile damu ya ku choo inatokaka kila siku, ao inafwataka mwezi yako. Mi nikamwambia kila siku."

Nilitaka kumpiga. Kijana huyu alikuwa ameona haya kuitaja hedhi yangu, akamdanganya daktari kwa ajili ya heshima yangu, na kwa heshima hiyo nilikuwa naenda kushonwa kama gunia. Lakini nilijua pia kwamba kama angeniuliza, mbele ya ukuta ule, ningesema uongo uleule. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa wawili tukiyaficha.

Nikajifunua, nikamtazama machoni.

"Inafwataka mwezi," nikasema. "Mwezi ikiisha, nayo inaisha. Ni myaka kumi sasa. Kimbia, umwambie."

Akakimbia. Docteur alikuja amekuwa mwekundu, akauliza yote upya kwa kinywa cha Symphorien, akihesabu siku kwa vidole. Alieleza kwamba upo ugonjwa ambao nyama kama ya ndani ya mji wa mimba huota penginepo, hata kwenye utumbo, ikavuja damu kila mwezi. Si kansa. Hakuahidi kitu. Angefungua kwanza aone. Ukiwa ndio huo, angekata kipande kigonjwa tu na kuunganisha utumbo. Usipokuwa huo, mfuko. Manesi wengine ndio walionisukuma mpaka chumba cha upasuaji, maana mkwe hawezi kuuona mwili wangu. Niliogopa mpaka sala zote zikanipotea.

Nilipoamka, jua lilikuwa bado dirishani. Mikono yangu ilikuwa mizito, na hata ingekuwa myepesi nisingethubutu kuipeleka tumboni. Docteur alikuwa na mgonjwa mwingine. Symphorien alisimama kando yangu, ameukabili ukuta tena, na mama Mwansa alikaa kitandani pake tayari kupokea maneno. Sikumpa.

"Symphorien," nikasema, jina ambalo lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwangu. "Geuka. Funua, uangalie."

Akageuka. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alilitazama tumbo la mama mkwe wake, nami nikautazama uso wake.

"Hakuna mufuko, mama," akasema, akaanza kulia.

Nikaushika mkono wake, wala sikuuachia hata Clotilde alipoingia akatukuta.